Ardhi Inayopanda

Waburunge wa vijiji vya Goima na Mirambo, katikati ya Tanzania, walikuwa na maelezo yao kuhusu mashamba yaliyochoka. Pale ambapo bwana shamba aliona udongo wa juu umebebwa na maji na tabaka gumu limebaki wazi, wao waliona ardhi inapanda. Mawe yaliyojitokeza katikati ya shamba, na ule udongo mgumu unaolirudisha jembe, vilikuwa vimeinuka kutoka chini. Kwa macho yao hakuna kilichoondoka, kuna kilichokuja. Wilhelm Östberg, mwanaanthropolojia wa Sweden aliyefanya utafiti kwao, aliandika juu ya wazo hilo mwaka 1991, na mwaka 1995 akalifanya jina la kitabu chake kuhusu Waburunge na mazingira yao.

Siku hizo Goima ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Kondoa. Sasa iko Chemba, wilaya iliyomegwa kutoka Kondoa na ambayo sensa ya mwaka 2012 iliikuta na watu 235,711. Wasafiri wengi wanaotoka Dodoma kwenda Kondoa na Babati huipita Chemba bila kushuka kwenye gari, na wanachokiona dirishani ni vichaka, mibuyu, mashamba ya alizeti na mito ya mchanga mtupu. Kulia na kushoto kwa barabara hiyo wanaishi Waburunge, Warangi, Wasandawe wa Kwamtoro na Farkwa, Wagogo, Wabarbaig na wafugaji wengine. Lugha zao ni za familia tofauti: Kiburunge ni cha Kikushi, Kirangi na Kigogo ni vya Kibantu, na Kisandawe kina vidoko. Lakini wote wanaishi kwa mvua ya msimu mmoja. Kifuku huanza Novemba au Desemba, husitasita Februari, kikaisha Aprili. Baada ya hapo ni kiangazi mpaka mwisho wa mwaka.

Nimeanza na ardhi inayopanda kwa sababu hoja yote ya sura hii imo humo. Mkulima hutibu ugonjwa anaouona yeye, si ule ulioandikwa kwenye ripoti. Kama ardhi inapanda, tuta la kuzuia udongo usiondoke halina kazi. Cha kufanya ni kuliacha shamba hilo, kufyeka lingine, na kungoja. Kwa vizazi vingi uamuzi huo ulikuwa sahihi kabisa, maana pori lilikuwepo na watu walikuwa wachache. Shamba lililolala miaka kumi au kumi na tano lilirudi na rutuba yake. Mtazamo ule uliwavusha. Ulianza kuwaumiza pale pori lilipokwisha, kwa kuwa bado uliwaambia wahame na pa kuhamia hapakuwepo.

Wala si mtazamo wa kijinga. Anayeishi karibu na vichuguu huona kila mwaka mchwa wakipandisha udongo wa chini mpaka juu ya kichwa cha mtu. Anayelima mbugani huona baada ya kila kifuku udongo mpya umelala juu ya ule wa mwaka jana. Ardhi kwao kweli ni kitu kinachotembea. Mtaalamu anayefika siku moja na kutamka kwamba udongo umeondoka anataka aaminiwe kuhusu jambo ambalo hakuna aliyeliona likitokea, kwa sababu mmomonyoko wa shamba tambarare huenda milimita kwa milimita na hauachi korongo. Mtu mwenye akili zake atauliza: umekwenda wapi?

Swali hilo halikujibiwa kwa subira. Lilijibiwa kwa amri.

Mwaka 1973 serikali, kwa msaada wa Sida, shirika la maendeleo la Sweden, ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, ambao kila mtu aliujua kwa jina la HADO. Milima ya Irangi, kaskazini ya Chemba ya leo, ilikuwa imechanwachanwa na makorongo ambayo picha zake zilizunguka duniani. Mradi ulichimba makinga maji kwa mashine, ukapanda miti, ukaotesha majani. Mifugo ikala miti na majani hayo. Basi mwaka 1979 ikaamuliwa kwamba mifugo yote iondolewe kwenye eneo la kilomita za mraba 1,256. Ng'ombe, mbuzi na kondoo karibu 90,000 walitolewa.

Ukitazama ardhi peke yake, uamuzi ule ulifaulu. Nyasi zilirudi, vichaka vikarudi, kingo za makorongo zikatulia, na mahali ambapo mafuriko ya mchanga yalikuwa yanapita watu wakapata pa kulima. Kuanzia mwaka 1989 ufugaji wa ndani uliruhusiwa, na ng'ombe wa maziwa wakaingia kwenye vijiji ambavyo kwa miaka kumi havikuwa na hata mbuzi. Watafiti wengi wamelisifu badiliko hilo, na mimi sioni sababu ya kulipunguza. Ila mifugo ile haikuyeyuka. Ilishushwa tambarare, kwa ndugu na marafiki, na malisho ya huko yakabeba mzigo ambao milima ilikuwa imetua.

Jambo jingine lilibaki vichwani mwa watu, na hilo halionekani kwenye picha za ndege. Majirani waliokuwa pembeni, wakitazama, walikuwa na kila sababu ya kujifunza kwamba ukikubali mbele ya mgeni kuwa ardhi yako inaharibika, ng'ombe wako wataondoka. Binafsi sishangai mkulima wa tambarare akinyamaza anapoulizwa habari za mmomonyoko. Kunyamaza huko tumekuwa tukikuita ukosefu wa elimu.

Mfano wa Machakos, Kenya, unaonyesha jinsi jambo lile lile linavyogeuka kulingana na nani ameliona kwanza. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni ilipojaribu kupunguza ng'ombe wa Wakamba kwa nguvu ili kuokoa udongo, maelfu walitembea mpaka Nairobi wakiongozwa na Muindi Mbingu, na serikali ikarudi nyuma. Matuta ya kulazimishwa yalichukiwa. Baada ya uhuru, Wakamba hao hao walichimba matuta kwa wingi kuliko mkoloni alivyowahi kuota, katika vikundi vyao vya kusaidiana kazi, mwethya, kwa sababu sasa tuta lilishika maji ya mahindi, kahawa na matunda yao wenyewe. Kitabu cha Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki cha mwaka 1994 kilionyesha kwamba kati ya miaka ya 1930 na 1990 idadi ya watu wa Machakos iliongezeka mara tano hivi, na mmomonyoko ukapungua. Mteremko ni ule ule na jembe ni lile lile. Kilichobadilika ni kwamba mkulima aliona tuta kama chombo cha maji, na si kama adhabu ya serikali.

Na kwetu tunayo Shinyanga. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI, ulipoanza mwaka 1986, nao ulianza kwa kugawa miche. Wasukuma hawakuipenda sana. Walichokuwa nacho wenyewe ni ngitili, yaani malisho yanayofungwa wakati wa masika ili yafae kiangazi, desturi iliyokuwa imefifia baada ya watu kuhamishiwa kwenye vijiji. Mradi ulipokubali kuifuata desturi hiyo badala ya kushindana nayo, zaidi ya hekta 300,000 zilirudishiwa uoto. Hakuna aliyelazimika kumweleza Msukuma faida ya ngitili.

Turudi Goima. Mwaka 2008 Monique Slegers wa Chuo Kikuu cha Wageningen, Uholanzi, alichapisha utafiti alioufanya Goima na Mirambo kuhusu jinsi wakulima wanavyoiona mvua na ukame. Katika kazi nyingine ya mwaka huo huo, yeye na Leo Stroosnijder walipendekeza kwamba ukame wa mkulima utazamwe kwa namna tatu. Upo ukame wa anga: mvua haikunyesha. Upo ukame wa udongo: mvua ilinyesha, lakini maji hayakuingia ardhini au hayakukaa. Na upo ukame wa rutuba: maji yapo, mmea hauna chakula cha kuyatumia. Shambani zote tatu zinafanana. Jani linajikunja, bua linabaki fupi, suke linatoka tupu.

Hapa ndipo penye uzito wa jambo lenyewe, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Ukiuliza katika kijiji chochote cha Dodoma kwa nini mavuno yamepungua, utaambiwa mvua zimepungua, si kama za zamani. Kuna ukweli ndani yake. Misimu imekuwa ya kubahatisha, na kila mtu mzima anakumbuka miaka ambayo mbegu ilipandwa mara mbili au tatu. Lakini kumbukumbu za mvua za Dodoma, ambako wastani kwa mwaka haufiki milimita 600, huonyesha zaidi kupanda na kushuka kwa mwaka hadi mwaka kuliko mteremko mmoja wa kwenda chini. Mavuno ya shamba lililolimwa miaka thelathini bila samadi, kwa upande wake, yameshuka kila mahali. Mkulima anapoeleza mteremko wa mavuno kwa mvua peke yake, anaunganisha vitu viwili ambavyo kweli vimetokea pamoja, ila kimoja si chanzo chote cha kingine.

Hesabu ni rahisi. Milimita moja ya mvua ni lita moja kwenye kila mita ya mraba. Mvua ya milimita 20, ambayo kwa Chemba ni mvua nzuri ya alasiri moja, inaangusha lita 81,000 hivi kwenye ekari moja. Sasa chukua shamba lililofyekwa likabaki jeupe, mabua yameliwa na ng'ombe au yamechomwa, udongo wake umepigwa na jua miezi saba. Matone ya kwanza yanaupondaponda udongo wa juu, chembe ndogo zinaziba matundu, na ganda jembamba linaundwa. Baada ya hapo mvua inateleza juu yake kama juu ya bati. Nusu ya maji ikiondoka, mwenye shamba amepoteza lita 40,000, yaani mapipa 200 ya lita mia mbili mbili, kwa alasiri moja. Amelowa yeye mwenyewe, ameyaona maji yakijaa korongoni, na wiki mbili baadaye mahindi yake yananyauka. Atasema nini? Mvua haitoshi.

Kwa anayeona ukame wa anga peke yake, njia zilizobaki ni chache: kuomba, kungoja chakula cha msaada, kupeleka kijana mjini akatafute kibarua, kuuza mbuzi. Zote ni za heshima na zote zimeokoa maisha. Lakini zote zinaanza baada ya shamba kushindwa. Anayeona ukame wa udongo ana jembe mkononi: matuta yanayokata mteremko, mashimo ya kupandia, mabua yaliyoachwa shambani, kutifua mapema. Anayeona ukame wa rutuba anatazama zizi. Zizi lipo katika nyumba nyingi, samadi imejaa mpaka magotini, na shamba lenye njaa liko hatua mia mbili tu. Yapo maeneo ya Dodoma ambako samadi haipelekwi shambani kwa imani kwamba inaunguza mimea, na katika mwaka wa mvua haba, ikiwekwa mbichi na nyingi, kweli inaweza kuunguza. Kwa mara nyingine imani ina mzizi katika jambo lililoonekana. Kinachohitajika ni kuonyeshana samadi iliyooza vizuri, kiasi cha kopo moja kwa shimo, kwenye kona ya shamba la mtu anayeaminika.

Kwa hiyo ustahimilivu wa kijiji hauanzi na mbegu wala mkopo. Unaanza na jina ambalo watu wanalipa tatizo lao.

Chukua habari ya usafi wa shamba. Katika sehemu kubwa ya Tanzania mkulima hodari ni yule ambaye shamba lake halina hata kisiki. Tulifundishwa hivyo shuleni, tukapimwa hivyo na mabwana shamba, na jirani mwenye vichaka shambani akaonekana mvivu. Shirika la LEAD Foundation, likishirikiana na Justdiggit ya Uholanzi, limekuwa likifundisha vijiji vya Mkoa wa Dodoma kitu wanachokiita Kisiki Hai: badala ya kung'oa machipukizi yanayotoka kwenye visiki vilivyobaki ardhini, chagua machache, pogolea mengine, yaache yakue. Mizizi ipo tayari, imekwenda chini kuliko mche wowote wa kitalu, na haihitaji kumwagiliwa. Njia hii ilipata nguvu Niger miaka ya 1980 kupitia Tony Rinaudo, Mwaustralia aliyechoka kuona miche yake ikifa, na huko inakadiriwa kwamba hekta milioni tano zimerudishiwa miti.

Kisiki Hai hakihitaji fedha wala kifaa zaidi ya panga. Kinahitaji mtu avumilie kuonekana mvivu kwa misimu miwili. Hilo ni gharama kubwa kijijini, kubwa kuliko wapangaji wa miradi wanavyodhani, na ndiyo maana njia hii huenda haraka pale ambapo mwenyekiti, shehe au mchungaji ameanza yeye kwenye shamba la kando ya barabara.

Upande wa magharibi wa wilaya, Wasandawe wanatufundisha jambo la karibu na hili. James Newman, mwanajiografia Mmarekani, aliandika mwaka 1970 juu ya namna watu hawa walivyoingia kwenye kilimo na ufugaji kutoka kwenye uwindaji na uokotaji. Waliingia bila kufuta walichokijua. Mizizi, matunda ya porini, mboga, asali na nyama vilibaki kuwa chakula cha kweli, na mwaka wa njaa uliwakuta wakiwa na ghala la pili. Kwa wengine pori ni ardhi isiyotumika, inayongoja trekta. Wenye jicho la Kisandawe wanahesabu ndani yake mizinga, ubuyu, ukwaju na dawa. Pori hilo likifyekwa lote kwa ajili ya alizeti, katika vitabu vya halmashauri litaonekana ongezeko la ekari, na hakuna safu ya kuandika ghala lililobomolewa.

Sasa nifike kwenye ubishi ambao Dodoma haijaumaliza tangu wakati wa mkoloni: mtama au mahindi. Serikali, kwa awamu mbalimbali na kwa sheria ndogo za halmashauri, imewataka wakulima wa kanda hii walime mtama na uwele. Kwa sayansi ya mmea, serikali iko sahihi. Mtama ukikosa maji hutulia, ukingoja, na mvua ikirudi unaendelea. Mahindi yakikosa maji wiki mbili wakati wa kutoa mbelewele, yale yaliyobaki ni malisho. Zipo mbegu fupi za Macia na Tegemeo, upo uwele wa Okoa. Kwa nini basi mahindi yanazidi kupandwa?

Kwa sababu mkulima anaona hatari nyingi kwa pamoja, na ukame ni mojawapo tu. Anaona kwelea kwelea, ndege wanaoshuka kwa makundi na kumaliza mtama kwa siku chache, huku hindi likiwa limefunikwa na maganda yake. Zamani watoto ndio waliokaa juu ya madungu wakipiga kelele na kurusha mawe. Watoto hao sasa wako shuleni, na ni vizuri wako shuleni, lakini kazi yao haikupata mwenyewe. Mama anaona saa za kutwanga na kukoboa. Baba anaona lori linalokwenda soko la Kibaigwa, ambako mahindi yana mnunuzi kila siku. Nyumba nzima inaona ugali mweupe ukiheshimiwa na ule wa mtama ukiitwa wa njaa. Ukizijumlisha zote, mwenye ekari nne anaweza kupanda ekari mbili za mahindi, moja ya mtama, moja ya alizeti, na hesabu yake ikawa nzuri kuliko ya aliyemwandikia sheria ndogo. Mimi naupenda mtama na ningetamani uenee. Lakini atakayetaka uenee ashughulike na ndege na mashine za kukoboa kabla ya kumtuma mgambo.

Hatari nyingine haina uhusiano wowote na mawingu. Mbaazi ilihubiriwa miaka mingi kama zao la ukanda mkavu: mizizi mirefu, inarutubisha udongo, inauzwa India. Wakulima wa Manyara, Kondoa na Chemba waliitikia. Agosti 2017 India ikaweka ukomo wa mbaazi zinazoingia nchini mwake, na bei ya kilo, iliyokuwa imezoeleka kupita shilingi elfu moja, ikaanguka mpaka mia chache. Wapo walioacha mazao yao shambani. Ukimkuta leo mkulima anayeguna kila anaposikia neno zao la biashara, huyo si mtu wa kupinga maendeleo. Ana kumbukumbu, na katika nchi kame kumbukumbu ni mali.

Hata hivyo, sitaki msomaji atoke hapa akiamini kwamba mkulima huona sawasawa kila wakati na mtaalamu hukosea. Mwaka 2016 Chemba ilitupa funzo chungu. Katikati ya mwaka huo watu walianza kuugua vijijini Chemba, Kondoa, na jirani huko Kiteto: tumbo kuuma na kujaa, kutapika, macho kuwa ya manjano. Wengi walikuwa watoto. Mwanzoni minong'ono ilielekea kwenye nyama ya ng'ombe. Uchunguzi ulipokamilika, chanzo kilikuwa mahindi ya kihenge cha nyumbani, yaliyobeba sumukuvu kwa kiwango cha kuua. Walioandikwa kuugua walikuwa 68, na 20 kati yao walifariki.

Sumukuvu inatokana na kuvu ambaye hupenda mahindi yaliyosumbuliwa na ukame shambani na kisha kuhifadhiwa yakiwa na unyevu, au kuanikwa chini juu ya udongo. Ukungu wenyewe unaweza kuonekana, lakini sumu haina rangi, haina harufu inayotambulika, na haiondoki kwa kupikwa. Jicho la mama aliyepepeta nafaka miaka arobaini, jicho ninaloliamini kuliko vipimo vingi, halina namna ya kuiona. Hapa maarifa ya wenyeji yalifika mwisho wake, na kimya cha wataalamu kabla ya mwaka ule ndicho kilichokuwa kosa. Maneno ya kuanika juu ya turubai, kukausha mpaka punje ivunjike kwa mlio, kutenga zilizovunjika na zilizooza, yalikuwa yakijulikana vyuoni miaka mingi. Hayakuwa yamefika kwenye vihenge. Tena kuna jambo gumu ndani yake: familia yenye magunia matatu ya mwisho, ikiambiwa moja ni la kumwaga, inaona njaa ya hakika ikilinganishwa na sumu isiyoonekana. Ushauri usio na gunia la kubadilishia haufuatwi, na asiyeufuata asilaumiwe.

Kuhusu utabiri nitasema machache. Wazee wanasoma maua ya miti, mwelekeo wa upepo, ndege wahamao na nyota za Kilimia. Mamlaka ya Hali ya Hewa inatoa utabiri wa msimu kwa lugha ya wastani, juu ya wastani na chini ya wastani. Kiteto, jirani wa mashariki, ilichaguliwa kwenye mradi wa kimataifa wa huduma za hali ya hewa, ambapo wakulima walikaa na maafisa ugani wakachora pamoja grafu za mvua za eneo lao na kuhesabu uwezekano wa kila zao kukomaa. Faida kubwa niionayo katika zoezi la namna hiyo ni kwamba mkulima anaacha kuuliza mvua itakuwa nyingi au chache, anaanza kuuliza itaanza lini na itakatika lini. Hilo ndilo swali la Februari, na Chemba huvuna au hukosa kwa Februari.

Mafunzo mengi ya kilimo vijijini hufanyika Juni na Julai, kwenye ukumbi wa kata, kwa sababu wakati huo magari yanapita na bajeti mpya imefunguliwa. Ni wakati ambao hakuna tone la mvua la kuonyeshana. Afisa ugani wa Chemba, na diwani unayepitisha bajeti yake, hamisheni mafunzo hayo Desemba na Januari. Siku mbili baada ya mvua kubwa, chimbeni na wenyeji shimo la kina cha goti katika shamba jeupe, na lingine chini ya kichaka kilichoachwa, kisha kila mtu aguse udongo kwa mkono wake na aseme anachokiona. Msikilizeni mpaka amalize. Leteni na turubai za kuanikia mahindi, kwa bei ambayo nyumba maskini inaweza kulipa, kabla mavuno hayajaanza Mei.